Uza kwanza, mchanganuo baadaye: mwongozo kwa mhitimu wa chuo anayeanza biashara

Vyuo vikuu vingi nchini siku hizi vina somo la ujasiriamali, na mara nyingi kazi kubwa ya somo hilo ni moja: andika mchanganuo wa biashara. Kurasa ishirini, jedwali la makadirio ya miaka mitano, aya mbili tatu za washindani. Mwanafunzi anapata A, anavaa joho, anapigwa picha na ukoo mzima, kisha anakaa nyumbani na lile faili kwenye flashi akisubiri mtu wa kumpa milioni kumi. Mchanganuo wenyewe hauna kosa. Umewekwa tu mwanzoni, wakati mahali pake ni karibu na mwisho, ukishajua bei ya kununulia, bei ya kuuzia na nani halipi.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa watu wa sokoni. Sheria na taasisi nitakazozitaja ni za Tanzania, na mfano nitakaotembea nao ni siagi ya karanga. Nimeichagua kwa sababu mtaji wake ni mdogo, karanga zipo, na kwa kuwa ni chakula inakupitisha kwenye milango yote ya serikali ambayo wahitimu wanaiogopa. Kama wewe unafikiria sabuni, ufugaji wa kuku au kushona mabegi, badilisha majina tu, hesabu haibadiliki.

Hatua ya 1: Jua una miezi mingapi

Kabla ya wazo la biashara, chukua karatasi uandike unalala wapi, unakula kwa nani, nauli na vocha ni shilingi ngapi kwa mwezi. Gawanya akiba uliyo nayo kwa jumla hiyo. Jibu ndilo muda wako. Ukiwa kwenu unakula bure, muda unaongezeka, ila unalipa kwa namna nyingine: utatumwa, utasubirishwa wageni, na kila ukisema unatoka utaulizwa "kazini gani?"

Zungumza na wazazi mapema, na uwaombe kitu kinachohesabika. "Mama, naomba miezi sita nijaribu hiki. Ikifika Juni haijaeleweka, nitaomba kazi yoyote" ni kauli mzazi anaweza kuikubali. "Nataka kujiajiri" peke yake inamtia hofu, na ana haki ya kuogopa, kwani ndiye aliyekulipia michango yote tangu sekondari.

Kama ulisomeshwa kwa mkopo wa HESLB, yaani bodi ya mikopo ya elimu ya juu, liweke deni hilo kwenye karatasi hiyohiyo. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Aliyejiajiri hakatwi na mtu, lakini hajasamehewa. Nafuu ni kwamba tozo ya kulinda thamani ya mkopo ya asilimia 6 na adhabu ya asilimia 10 zilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo deni halivimbi kama la kaka zako.

Hatua ya 2: Tafuta kitu ambacho watu tayari wanakinunua

Mhitimu anapenda wazo ambalo "hakuna mtu analifanya". Mara nyingi halifanywi kwa sababu hakuna anayelilipia. Ni rahisi zaidi kuingia mahali ambapo fedha inapita kila siku kisha ukafanya kitu kimoja vizuri kuliko waliopo: usafi, kipimo cha haki, kufikisha mzigo kwa wakati.

Nenda kwenye maduka kumi ya mtaani na mama lishe watano. Usiwaulize kama wangenunua siagi yako. Watasema ndiyo, maana Mswahili hamvunji moyo kijana aliyekuja kwa adabu. Waulize yaliyokwisha kutokea:

- Mara ya mwisho kununua siagi ya karanga ilikuwa lini?
- Ulinunua kwa nani, kopo la ukubwa gani, kwa bei gani?
- Nini kilikuudhi?

Swali la mwisho ndilo lenye mali. Utasikia kwamba mafuta yanaelea juu na wateja wanadhani imeharibika, kwamba kopo halifungi vizuri likavuja kwenye mfuko, kwamba msambazaji alileta mara moja akapotea. Andika majibu palepale, kwa maneno yao. Wenzako wa darasani usiwaulize kabisa. Watakwambia "wazo kali sana, mwanangu" na hawatanunua hata kijiko.

Hatua ya 3: Tengeneza kidogo, uza kwa mtu asiyekujua

Kilo kumi za karanga zilizobanguliwa zinatosha kwa mzunguko wa kwanza. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo shahada inapokutana na sufuria.

Zimwage karanga kwenye ungo au kitambaa cheupe, mahali penye mwanga, uzichambue kwa mkono. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu. Kazi hii inachosha na ndiyo inayorukwa, lakini karanga na mahindi ndiyo mazao yanayosumbuliwa zaidi na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga hakuimalizi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni jumla ya mikrogramu 10 kwa kilo, na huwezi kukiona kwa macho, kinapimwa maabara. Unachoweza kufanya nyumbani ni kununua karanga kavu kwa mtu unayemjua, kuzichambua bila huruma, na kutozihifadhi kwenye mfuko wa plastiki penye joto. Zile ulizotoa usimpe jirani afugie kuku. Zitupe.

Kaanga kwa moto mdogo huku ukigeuza. Toa moja, iache ipoe, isugue kwa kidole gumba. Ganda likitoka lenyewe na ndani pana rangi ya biskuti, epua. Pepeta maganda, kisha peleka mashineni zikiwa bado na uvuguvugu, hapo mafuta yanatoka vizuri. Kabla hujamkabidhi mwenye mashine, muulize alisaga nini kabla yako. Akijibu "pilipili manga", subiri aisafishe au tafuta mashine nyingine, vinginevyo siagi yako itakuwa na ladha ya pilau.

Makopo yawe makavu kabisa. Tone moja la maji linaalika ukungu. Kwenye lebo andika jina, uzito, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika, namba ya simu, na maneno haya: *Koroga kabla ya kutumia*. Maneno hayo manne yanajibu lalamiko la mafuta kuelea ulilolisikia dukani.

Sasa uza. Shangazi atanunua kwa upendo, mwalimu wako atanunua kwa kukutia moyo, na wote hawakufundishi kitu. Kipimo ni mtu asiyekujua, aliyetoa fedha taslimu, na aliyerudi. Andika waliorudi pembeni, tofauti na wa mara ya kwanza. Kama baada ya mizunguko mitatu hakuna aliyerudi, usiongeze matangazo. Rudi kwenye bidhaa.

Hatua ya 4: Piga hesabu ukijiweka na wewe ndani

Bei hizi ni za mfano, weka za sokoni kwako.

- Karanga kilo 10 × 4,000 = 40,000
- Kusaga = 4,500
- Makopo 21 × 600 = 12,600
- Lebo 21 × 200 = 4,200
- Gesi au mkaa = 3,000
- Chumvi na vitu vidogo = 700
- Nauli na bodaboda = 6,000

Jumla ni 71,000. Kwa nini makopo 21 wakati kilo 10 zinatoa makopo 25 ya gramu 400? Kwa sababu ulichambua, maganda yametoka, na karanga ikikaangwa inapungua unyevu. Hesabu yangu inabakiza kama kilo 8 na nusu. Mchanganuo wa darasani mara nyingi unasahau upungufu huu, na makopo manne yaliyosahaulika ndiyo faida yenyewe.

Ukigawanya 71,000 kwa 21 unapata kama 3,400 kwa kopo. Duka linakubali kuchukua kwa bei ya jumla ya 4,500. Unaona faida ya 1,100 na unachekelea: 1,100 mara 21, zaidi ya 23,000!

Subiri. Nani alichambua, akakaanga, akakaa foleni mashineni, akazunguka madukani? Siku moja na nusu imeondoka. Kama ungelipwa 15,000 kwa siku kwenye kazi ya mtu, hiyo ni 22,500. Gharama halisi ni 93,500, sawa na kama 4,450 kwa kopo. Ukiuza yote 21 kwa duka kwa 4,500, unapata 94,500. Biashara imebaki na shilingi 1,000. Ile 23,000 ilikuwa ujira wako, na ukiula wote ukiuita faida, siku utakayoajiri msaidizi biashara itakufa siku hiyohiyo.

Ukiuza mwenyewe kwa mlaji kwa 5,500, mapato ni 115,500 na biashara inabaki na 22,000. Kwa hiyo mwanzoni uza rejareja: maofisini, makanisani baada ya ibada, kwa wazazi wanaofuata watoto shuleni, kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa. Madukani nenda baadaye, ukishapunguza gharama kwa kununua gunia zima msimu wa mavuno na makopo kwa mamia.

Hatua ya 5: Daftari, na deni la watu

Mali bila daftari huisha bila habari. Wahenga walimaliza, mimi naongeza mambo ya simu tu. Tenga laini moja kwa ajili ya biashara, na ukiweza chukua Lipa Namba (namba ya kupokelea malipo ya wateja kwa simu), ili fedha ya mteja isichanganyike na ya kununua umeme. Daftari la kawaida la mistari linatosha: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, anayedaiwa. Jaza kila jioni, hata siku ambayo hukuuza. Programu za simu zipo na si mbaya, ila wengi hujaza siku nne kisha wakaacha, na daftari lililo juu ya meza linakutazama.

Kuhusu kukopesha, madukani utakutana na mali kauli: acha mzigo, nikiuza nitakulipa. Wafanyabiashara wakubwa wa Kariakoo wanaishi kwa utaratibu huo kwa sababu wanajuana na wana mtaji wa kusubiri. Wewe huna. Jiwekee ukomo, kwa mfano usiache zaidi ya makopo matano kwa duka moja, na usiongeze mzigo kabla ya kulipwa wa kwanza. Makopo matatu ya rejareja yasiyolipwa ni 16,500, yaani sehemu kubwa ya ile 22,000 yako.

Ndugu ni mtihani mwingine. Ukiwakatalia utaitwa mchoyo, ukiwapa utafunga. Njia inayofanya kazi ni kuwa na bajeti ya zawadi: makopo mawili kwa kila mzunguko, yameandikwa kwenye daftari kama gharama. Yakiisha, yameisha. "Ya mwezi huu nimeshatoa, shangazi, ya mwezi ujao nakuwekea" haimuudhi mtu.

Hatua ya 6: Rasimisha kwa mpangilio

Hapa wahitimu wanakosea kwa njia mbili. Wapo wanaosajili kampuni kabla ya kuuza kopo moja, na wapo wanaojificha miaka. Fuata mtiririko huu.

Anza na TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA, mamlaka ya mapato. Ni bure, unatumia namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), na sheria inataka uiombe ndani ya siku 15 tangu kuanza biashara. Afisa atakuuliza eneo la biashara, kwa hiyo uwe na mkataba wa pango au barua ya serikali ya mtaa. Mkataba wa pango una ushuru wa stempu. Uliza kiasi kabla hujausaini ili usishtukie dirishani. Kwa mfanyabiashara mdogo anayekadiriwa kodi na TRA kwa mauzo yake, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato. Wengi wanaikimbia TRA kwa kodi ambayo hawadaiwi.

Pili, jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Kampuni inavutia kwenye kadi ya biashara, lakini kila mwaka inadaiwa taarifa BRELA na hesabu TRA hata kama haijauza kitu. Jina la biashara ni jepesi. Jua tu kwamba halikutenganishi na biashara: deni lake ni deni lako, mpaka kitanda. Mkiwa wawili watatu, andikeni makubaliano ya nani ana nini kabla fedha haijaingia.

Tatu, leseni ya halmashauri.

Nne, kama ni chakula, TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 usajili wa chakula na majengo ya chakula ulihama kutoka iliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) kwenda TBS, kwa hiyo ukisikia mtu anakutuma "TFDA" ujue taarifa zake ni za zamani. Usiende TBS mikono mitupu. Pitia kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973 lenye ofisi mikoani. Wanafundisha usindikaji na ufungashaji kwa vitendo, na barua yao ya utambulisho humpa mjasiriamali mdogo nafuu ya gharama za alama ya ubora. TBS watakagua mahali unapotengenezea: sakafu inayosafishika, maji, mahali pa kunawia, wavu wa wadudu. Chumba unacholala hakitapita, jipange mapema. Supamaketi watakudai na bakodi, ile inayoanza na 620, unaipata GS1 Tanzania. Maduka ya mtaani hayaihitaji.

Hatua ya 7: Mtaji, baada ya kujua unafanyia nini

Ukiwa na daftari la miezi mitatu, sasa unajua kinachokukwamisha ni nini hasa. Huenda ni makopo, huenda ni mashine yako mwenyewe, huenda ni gunia za msimu. Kopa kwa ajili ya hicho, na kwa kiasi cha hicho.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kuonyesha mabilioni hayajarejeshwa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako masharti ya sasa. Angalizo langu ni kuhusu vikundi vinavyoundwa ili kuomba mikopo hii. Vikundi vingi huundwa wiki ya kujaza fomu na kufa wiki ya kupata fedha, mmoja akabaki anadaiwa kwa niaba ya wote. Ungana na watu ambao tayari mnauza pamoja.

Mfano wa wahitimu kujikusanya upo Morogoro: SUGECO, ushirika wa wajasiriamali waliosoma Chuo Kikuu cha Sokoine, tangu 2011. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina kituo cha ubunifu na ujasiriamali, na COSTECH ina Buni Hub pale Kijitonyama. Nenda huko kutafuta mashine, walezi na watu wa fani yako. Ukienda kutafuta cheti cha mafunzo mengine, utakuwa umerudi darasani. Na ukipata nafasi ya kumfanyia kazi mfanyabiashara wa jumla kwa miezi michache, hata kama winga (anayewatafutia wenye maduka wateja), ichukue. Hapo utajifunza bei, lugha ya kupatana, na namna ya kumtambua mteja mlipaji kwa kumtazama.

Mikopo ya kausha damu, ya mtaani au ya programu za simu, iache. Ukikopa 100,000 urudishe 130,000 ndani ya mwezi, mzunguko mzima wa rejareja unaokubakizia 22,000 haulipi hata riba. Riba hiyo ni zaidi ya faida ya siagi yako, basi. Huhitaji hesabu nyingine.

Hatua ya 8: Sasa andika mchanganuo

Lile faili la kwenye flashi lifungue. Futa makadirio ya miaka mitano. Afisa mikopo anajua umeyatunga, maana yamepanda kwa asilimia ileile kila mwaka. Badala yake weka yaliyotokea: mauzo ya kila mwezi kutoka kwenye daftari, idadi ya wateja waliorudi, gharama ya kopo moja ukiwemo ujira wako, orodha ya maduka yanayochukua mzigo na siku zinazopita kabla hayajalipa. Kisha sema unaomba nini, kwa mfano mashine ya kusagia, bei yake kwa ankara ya muuzaji, na itapunguza gharama ya kila kopo kwa shilingi ngapi. Ambatisha TIN, leseni na miamala ya ile laini ya biashara.

Kurasa nne zinatosha. Jedwali la mauzo likae ukurasa wa kwanza, na ile historia ya namna wazo lilivyokujia iende mwisho, au iondoke kabisa.